Mlizamu Mwepesi

Mwezi ule wa Oktoba, mwaka wa tisini na saba, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilitoka kwangu Buxton nikapitia Kibokoni, Mji wa Kale, kwa shangazi yangu, Bi Mejumaa. Naingia chumbani, namwamkia, kisha nauwekea ukuta kiganja, kama mtu ampimaye mtoto homa. Siku mbili za mwanzo shangazi aliniangalia tu. Siku ya tatu akaniuliza:

"Ana homa?"

"Ana jasho," nikamjibu.

Akacheka kidogo, nami nikacheka, kisha kila mmoja akatazama kwengine. Jasho gani. Ukuta ule ulikuwa ukinywa maji ya mvua ya Elnino usiku na mchana, na kitanda cha shangazi kilikuwa chini yake.

Mtu atasema, si wahamishe kitanda. Basi nieleze nyumba ilivyo. Ni nyembamba kama kibiriti kilichosimamishwa ubavu: ukumbi, chumba kimoja, na ua wa nyuma wenye jiko na birika la maji ya mvua. Kwisha. Boriti zote za dari zimelala juu ya kuta mbili, huu wa upande wa kichochoro, na ule wa pili tunaoshirikiana na jirani, Bi Afaf. Ukuta wa kichochoroni ukianguka, boriti zote zaja nao. Ukikitoa kitanda chumbani ukakitia ukumbini, umemtoa mtu chini ya boriti hii ukamlaza chini ya boriti ile.

Na mtu atasema, basi si atoke nyumba nzima. Hapo ndipo penye shida. Shangazi alikuwa katika eda. Mumewe, Mzee Sheikhan, alijinyoosha baada ya sala ya adhuhuri mwisho wa mwezi wa Juni, na alasiri hakuamka. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki nje, hajitii manukato, wala haonwi na mwanamume ambaye si maharimu wake. Mimi ni mtoto wa nduguye, naingia. Fundi haingii. Na asubuhi ninayoieleza, zilikuwa zimebaki siku tisa.

Siku hizo tisa nilizihesabu kwa vidole nikitoka Buxton na nikazihesabu tena nikifika Kibokoni, na kila mara zilikuwa tisa. Mke wangu Hiba alikuwa akilala kwa shangazi tangu msiba, kwa hiyo chini ya boriti zile nilikuwa nimeweka watu wawili. Ofisini waliniambia, Zein, siku hizi huna mzaha. Nikawaambia nimeuweka benki.

Sasa niliseme kosa langu, maana shangazi alikuwa hajalijua, na mimi nilikuwa nalijua nusu.

Nina diploma ya ujenzi. Nimeitia fremu, na shangazi ndiye aliyeomba itundikwe ukumbini kwake, akawa akiifuta vumbi kila Ijumaa kabla ya kuifuta saa. Kazi yangu ni kusimamia wajenzi: natembea na futi mfukoni, nawaambia watu wenye nguvu kuliko mimi kwamba wamepinda. Nyumba ya Mzee Sheikhan ilikuwa na mlizamu wa chuma cha zamani, mzito kama mzinga wa Ngomeni, umelazwa juu ya ukuta nyuma ya ukingo wa paa, hata mpita njia hauoni. Maji ya paa lote huingia humo, yakapita, yakateremka birikani. Mwisho wa mwaka wa tisini na sita ulianza kubanduka magamba ya kutu. Mimi nikaja na alumini.

Nilipata mlizamu safi katika duka moja la Bondeni, unang'ara kama sinia la harusi. Nilibeba kipande cha futi kumi kwa mkono mmoja mtaa mzima, najionyesha. Mzee Sheikhan akakishika kwa vidole viwili.

"Hiki ni chombo, au ni karatasi ya sigara?"

"Huu hauliwi na kutu, mzee."

"Haya. Huliwa na nini?"

Nikafanya mzaha. Nikamwambia huliwa na wivu wa majirani. Akacheka kwa heshima yangu, akaniachia nifanye.

Tangu wiki ya kwanza ule mlizamu ulikuwa na maneno. Jua likichomoza unajinyoosha, unalia ka, ka, ka; jua likizama unajikunja, unalia tena, na maungio yakaanza kuachana kama mke na mume wasiosemezana. Niliukanyaga siku moja tu, ukabonyea, na maji yakapata mahali pa kutuama. Mvua ya rasharasha ilivuma humo kama watu wapiga matari. Nilijiambia hayo ni mambo madogo, kila kitu kipya kina tabia zake.

Kisha ikaja Januari, na Ramadhani ilikuwa mlangoni. Pale kwetu kila nyumba hupakwa chokaa kabla ya mwezi kuandama, na ukishapaka kuta, unapanda na debe lako ukaupaka mlizamu chokaa ndani, ili maji yashukayo birikani yawe safi, yasiwe na viluwiluwi wala ukoga. Ndivyo wafanyavyo watu wa Kibokoni tangu kuwe na mabirika. Mimi mwenyewe nilipanda. Nikaupaka nene, mara mbili, na masalio ya debe nikayamwaga humo humo yalale, yafanye kazi. Niliteremka nimeridhika sana.

Asubuhi hiyo ya siku tisa sikuhitaji kiganja. Ukuta ulikuwa umetoa tumbo. Nilitundika timazi kwenye msumari wa juu, nikangoja uzi utulie, nikapima: jana tumbo lilikuwa inchi moja na robo, leo inchi mbili na nusu. Nilipima tena nikitumai nimekosea. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilitaka futi langu liwe bovu.

"Wasemaje?" shangazi akauliza kutoka kitandani. Alikuwa ameketi na tasbihi yake, kanga nyeupe hadi usoni, miguu haifiki chini.

"Nasema nitamwita Charo."

"Charo asiingie humu."

"Hataingia, shangazi."

Charo ni fundi wa mawe na chokaa, mtu wa Kaloleni, ametengeneza kuta za Mji wa Kale kwa miaka ishirini bila diploma yoyote. Mimi aniita Injinia, na sijawahi kujua kama ni heshima. Alikuja na mvua imepungua. Tukateremsha pazia la mlango wa chumba, akasimama ukumbini, tena akageuza uso upande wa pili ili shangazi awe na raha. Mimi ndiye niliyekuwa mikono yake na macho yake.

"Injinia, chukua mchi wa kinu. Gonga chini, usawa wa goti."

Nikagonga. Ko.

"Panda. Usawa wa kifua."

Ko, lakini sauti nzito.

"Panda tena. Juu ya kitanda cha mama."

Nikagonga. Bu. Kama nimegonga unga uliokandwa. Kipande cha lipu kikateleza, kikaangukia juu ya mto wa kulalia. Shangazi akakiokota, akakiweka kando taratibu, kama mtu aokotaye mchele uliomwagika.

Nyuma ya pazia Charo alinyamaza kidogo. Simpendi Charo akinyamaza. Akisema huwa anadai bei. Akinyamaza huwa anafikiri.

"Sabalkheri, mama," akasema, kwa kuwa alikuwa amesahau kumwamkia.

"Sabalkheri, baba. Wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Mbodze akusalimu." Mbodze ni mkewe. "Injinia, njoo nje."

Kule kichochoroni aliweka ngazi, akapanda mpaka juu ya ukingo. Mimi nilibaki chini nimeshika ngazi, matone yaniingia shingoni. Nilisikia akipasua kitu kwa mikono mitupu, bila patasi wala nyundo. Akashuka na kipande cha mlizamu wangu, urefu wa mkono, akakiinua akaliangalia wingu kupitia kwacho, kisha akanipa mimi.

Kilikuwa chekecheke. Matundu madogo madogo, mamia, mwanga wapenya.

"Ulikipaka chokaa?" Charo akauliza.

"Kama kawaida."

"Ule wa chuma ulipenda chokaa. Ilikuwa nguo yake. Huu," akakigonga kwa ukucha, "chokaa mbichi huula. Mimi mwaka mmoja nilikoroga chokaa katika sufuria ya Mbodze, nikaiacha siku mbili. Alipotaka kupika wali, maji yote yakaenda motoni. Mpaka leo akinikasirikia huniletea sufuria ile mezani, tupu."

Nilitaka kucheka. Midomo ilikataa.

"Tangu lini unavuja hivi?" nikauliza, ingawa nilikuwa najua.

"Mvua ya Aprili yote na hii ya sasa. Na hauvuji barabarani, Injinia, ungeuona. Wavuja juu ya kichwa cha ukuta. Maji yashuka katikati ya mawe. Udongo na chokaa ya ndani imekuwa uji." Akatazama juu, akatazama chini. "Nitaleta magogo niukingie kwa huku nje, niyashindilie na ukuta wa ng'ambo. Huo ni msaada wa kungojea, si dawa. Mtoe mama leo."

"Zimebaki siku tisa."

"Siku tisa sikupi. Sikupi hata siku moja."

Akaenda kutafuta magogo. Nilibaki na kile kipande mkononi, nikakificha chini ya koti. Sijui nilimficha nani.

Niliporudi ndani Hiba alikuwa ameleta chai. Nilimwambia shangazi, kwa upole na kwa kuzunguka, kwamba fundi ashauri ahame kidogo. Kwamba juzi nilimwuliza mwalimu wa msikitini, akasema kukiwa na hofu ya nyumba kuanguka, mjane aruhusiwa kuhama na eda yake haiharibiki.

"Amesema kukiwa na hofu," shangazi akajibu. "Mimi sina hofu. Mwenye hofu ni wewe. Hama wewe."

"Shangazi, kwa hisani yako."

"Ukuta huu una zaidi ya miaka mia. Mvua ngapi zimeupiga? Sheikhan alizaliwa chini yake. Ametoka kwa mlango ule amebebwa na watu, nami nikasema nitautoka siku nitakapomaliza haki yake, si kabla. Wataka mtaa wanione nachukuliwa kama godoro lililolowa, na siku zenyewe zimebaki tisa?"

"Usitoke kwa mlango ule basi. Pita kwa Bi Afaf."

Hiba akanikanyaga mguu. Nilikuwa najua ningekanyagwa, nikasema tu.

Katika ukuta wa shirika kuna mlango mdogo, wa zamani, ambao wanawake wa nyumba mbili walikuwa wakipitia bila kutoka nje. Bi Afaf ni mjane, wanawe wako Jedda, nyumbani kwake hakuna mwanamume. Yeye na shangazi walikuwa mashoga kwa miaka thelathini, chungu cha huyu chapita mlangoni kwenda kwa yule. Mpaka mwezi wa Aprili. Sufuria mbili za shangazi, zile kubwa za pilau, hazikuonekana. Aliyeziazima mwisho ni Bi Afaf. Huyu asema nilirudisha, huyu asema hukurudisha. Likatoka neno moja kuhusu watu wenye watoto Arabuni na bado wanatamani sufuria za wenzao. Siku hiyo hiyo shangazi akasukuma kabati la mvule mbele ya mlango. Hata Mzee Sheikhan alipofariki, Bi Afaf alikuja na wenziwe, akaketi mbali, akaondoka na wenziwe.

"Kwa yule?" shangazi akasema. "Bora ukuta."

Akarudi kwenye tasbihi. Mimi niliangalia uzi wa timazi, ukitikisika. Sikuwa nimeugusa, wala hakukuwa na upepo, na bilauri ya maji iliyokuwa pembeni mwa kitanda ilikuwa na vumbi jipya juu yake.

Charo akarudi na magogo matatu. Akayasimamisha kichochoroni, akayashindilia kwa nyundo. Kisha akaja tena ukumbini nyuma ya pazia.

"Injinia, lazima nijue vichwa vya boriti vikoje. Kama vimeoza, hata magogo yangu ni bure. Panda darini uangalie."

Kitundu cha kupandia darini kiko ndani ya chumba, kwenye pembe. Niliweka ngazi, Hiba akaishika, nikapanda na tochi. Juu ni mahali pa kujikunja, mabati mgongoni, popo na joto. Nikajikokota kwa magoti mpaka upande wa kichochoro. Nilitarajia kuona boriti zilizooza.

Nikaona sufuria mbili.

Zile kubwa za pilau. Zimepangwa juu ya kichwa cha ukuta, kando kwa kando, chini ya mlizamu wangu, na kati yake pamewekwa sinia la shaba. Zote zilikuwa zimejaa mpaka zinamwagika, maji yachuruzika ukutani taratibu. Pembeni kikoi cha Mzee Sheikhan, kile cha mistari ya zambarau, kimekunjwa kamba na kushindiliwa kwenye ufa ili kizuie maji. Ndoo ndogo yenye kamba ilining'inia kwenye msumari. Kumbe alikuwa akiyachota.

Nilikaa pale kwa magoti. Mzee wa miaka sabini na tatu, mvua yote ya Aprili na Mei, amepanda ngazi hii shangazi akiwa uani jikoni, amechota maji sufuria kwa sufuria, ameshuka, amejifuta, amekaa barazani na watu kama hakuna neno. Mwezi wa Mei nilimwuliza, mlizamu waendeleaje, mzee? Akanijibu, "Waimba." Nilimwuliza shangazi zile sufuria zimepatikana? Naye mzee yuko pale pale, anafunga kilemba chake, hakusema. Kama angesema, diploma iliyotundikwa ukumbini ingekuwa ya kuchekesha. Alinisitiri. Alikufa Juni, sufuria zikajaa, hakuna wa kuzichota.

"Injinia," sauti ya Charo ikaja kutoka chini. "Waona nini?"

Nitasema kweli. Nilifikiri kuzimwaga nyuma, kwa upande wa ua, na kuzisukuma gizani. Boriti nilishaziona, mbili vichwa vyake vilikuwa laini kama muhogo uliopikwa. Jibu la Charo nilikuwa nalo, ningeshuka nimwambie, na mambo ya sufuria yabaki juu. Nilifikiri hivyo kwa muda wa pumzi tatu hivi. Chini yangu kitu ndani ya ukuta kikasema krr, kama mtu asagaye meno usingizini.

Nikamwaga maji, nikashuka na sufuria mbili, moja kila mkono. Ngazi niliikanyaga kwa visigino.

Shangazi aliziona kabla miguu yangu haijafika chini. Akaiacha tasbihi. Akanyoosha mikono, nikampa moja, akaigeuza. Kwenye kitako palikuwa na alama yake ya msumari, msalaba mdogo.

"Hizi ndizo," akasema. "Zilikuwa wapi?"

"Darini. Aliziweka ami Sheikhan."

"Sheikhan atake sufuria za nini?"

Nikakitoa kile kipande cha mlizamu chini ya koti. Nikakishika mbele ya dirisha ili matundu yaonekane, kisha nikaanza kusema, na safari hiyo sikuwa na mzaha hata mmoja. Nikamwambia mlizamu niliouleta mimi uliliwa na chokaa niliyoitia mimi. Ukavujia ukuta tangu Aprili. Mumewe aliona, akaukinga kwa sufuria zake, akachota maji mpaka alipofariki, wala hakutaka mimi nione haya. Nikamwambia ukuta huu si ule wa miaka mia anaoujua yeye. Huu ni ukuta nilioutilia maji mimi kwa miezi, na ndani yake hakuna kitu.

"Ukikuangukia ukuta, shangazi, si mvua iliyokuua. Ni Zein. Mimi nitakaa na hilo mpaka lini?"

Shangazi alinitazama sana. Hiba alikuwa akitazama sakafu. Nyuma ya pazia Charo akakohoa kikohozi cha mtu anayetaka tujue kwamba hasikilizi.

"Boriti vipi?" akauliza.

"Mbili zimeoza."

"Basi sasa hivi, Injinia. Si baadaye. Hii nyundo yangu nikiigonga mara moja tu, naona magogo yashuka."

Shangazi akaiweka sufuria mapajani. Akapitisha kidole ukingoni, palipokuwa na mstari mweupe wa chokaa iliyokauka.

"Nilimwambia Afaf mwizi," akasema. "Mbele ya watu. Na mwenye kuzichukua akaketi hapo, anakunywa kahawa yake." Akatikisa kichwa, sikujua kama amkasirikia au amlilia. "Msukume kabati, nyinyi."

Kabati la mvule si kitu cha kusukumwa na mtu wa ofisi. Charo hakuweza kuingia, basi ni mimi na Hiba, mabega ubaoni, sahani zagongana ndani, na kila likijongea inchi moja nasikia mchanga ukimiminika nyuma yetu, upande ule. Mlango ukatokea, mdogo, wa buluu, kitasa kimeshika kutu. Upande wa pili ulikuwa umefungwa kwa komeo.

Shangazi akausogelea, sufuria moja kwapani. Akagonga kwa kiganja.

Zikasikika kandambili zikikokotwa. Kisha sauti ya Bi Afaf, kavu:

"Nani?"

"Mimi, Mejumaa."

"Mejumaa gani? Mejumaa ninayemjua mimi alisema mlango huu umekufa."

"Nimekuja kukwambia sufuria zimepatikana."

"Ah. Zimepatikana kwa nani? Usinambie. Zilikuwa kwangu, nimezificha chini ya kitanda, wanangu hawaniletei."

"Afaf, shoga yangu, zilikuwa kwangu. Sheikhan alizitia darini. Nilikusingizia. N'samehe."

Komeo halikuvutwa. Ukuta wa kichochoroni ukatema jiwe, la kiasi cha ngumi, likagonga ubao wa kitanda. Hiba akanishika mkono. Nilitaka kulipiga teke komeo la watu.

"Sema tena," Bi Afaf akasema. "Sikukusikia vizuri."

"Ewe Afaf, nyumba yaanguka."

"Kwani hukusema hilo kwanza?" Na komeo likavutwa.

Alisimama mlangoni na uma wa kukaangia viazi mkononi. Akamtazama shangazi, akatazama sufuria, akatazama tumbo la ukuta kule nyuma yetu, na uso ukabadilika. Akamshika shangazi kifundo cha mkono, akamvuta kama avutavyo mtoto barabarani. Nikampitisha Hiba. Nikarudi hatua mbili kuchukua msahafu wa shangazi na tasbihi yake iliyobaki kitandani. Ni upumbavu, najua, miguu ilikwenda yenyewe. Charo alikuwa akiniita jina langu la kweli kutoka ukumbini. Zein, Zein, Zein. Ndipo nilipojua hali ni mbaya, kwa sababu hakuniita Injinia.

"Toka ukumbini, Charo," nikapaza sauti, nami nikajitupa kwa Bi Afaf.

Haukuanguka kwa kishindo nilichokuwa nikikiota wiki nzima. Ulishuka. Kama gunia la unga mtu anapolitua mgongoni: fuu. Kisha boriti moja moja, kwa zamu, zikajilaza juu ya kitanda, juu ya ngazi, juu ya zulia. Vumbi likapita mlangoni, likatupaka sote weupe, Bi Afaf na uma wake, shangazi na sufuria yake. Kwa ufa wa mlango niliona mbingu mahali palipokuwa na dari.

"Charo?" nikaita.

Hakuna.

"Charo?"

"Niko barabarani," ikaja sauti, mbali. "Naitafuta kofia yangu."

Nikaketi sakafuni kwa Bi Afaf. Nikaukung'uta msahafu vumbi. Bi Afaf akakumbuka viazi vyake vilikuwa motoni.

Siku tisa zilizobaki shangazi alizimaliza upande wa pili wa mlango wa buluu, na mwalimu wa msikitini akatuma kusema eda yake ni sahihi, asiwe na wasiwasi. Wasiwasi ulibaki kwangu. Kila asubuhi nilipitia pale, nikamwamkia, na kabla sijaketi kiganja changu kikawa kimeshakwenda ukutani kwa Bi Afaf.

"Huyu naye ana homa?" shangazi akauliza.

"Mzima," nikasema. Nikausikiliza tena kidogo, kwa hakika.

Siku alipotoka eda, wanawake wakaja kumwogesha kwa maji ya birika la Bi Afaf, yaliyochotwa kwa sufuria ya pilau. Alipovaa akaomba apelekwe kuona nyumba yake. Tulisimama kichochoroni. Charo alikuwa ameshainua mawe safu nne, kwa chokaa, na kando ya ngazi yake kulikuwa na mlizamu wa chuma, mkuukuu, niliouokota kwa fundi wa mabati. Watu wawili walihitajika kuuinua.

Shangazi akautazama muda mrefu. Kisha akaniuliza diploma yangu iko wapi.

Nikamwambia iko chini ya kifusi, na kwamba sina haraka ya kuitafuta.

"Itafute," akasema. "Fremu ilikuwa nzuri. Tutaitia picha ya Sheikhan."